Hisa, Mzigo au Bidhaa Zilizopo? Uhakiki wa Istilahi za Bohari katika Maduka ya Mtandaoni

Miongoni mwa kazi zinazofikishwa mbele ya kitengo cha istilahi ili ziangaliwe usanifu wake, zimezidi kuongezeka tafsiri za miongozo ya programu za biashara. Makala haya yanakusudia kuhakiki mwongozo mmoja wa aina hiyo, unaohusu maduka ya mtandaoni yenye kuhifadhi bidhaa zake katika bohari zaidi ya moja. Sitautaja kwa jina, wala mfasiri wake, kwa sababu makosa yaliyomo si yake peke yake. Yameenea katika tafsiri nyingi za namna hii, hususan zile ambazo hupitishwa kwanza katika mashine, kisha zikasahihishwa kwa haraka.

Jambo lenyewe linaloelezwa si gumu. Mwenye duka huiagiza kompyuta imjulishe kila bidhaa fulani inapopungua hadi idadi aliyoiweka yeye mwenyewe, ili apate kuagiza nyingine kabla haijakwisha. Ujumbe huo mfasiri ameuita "tahadhari ya hisa ya chini", na idadi ile ameiita "kizingiti cha hisa". Lakini je, msomaji asiyejua Kiingereza ataelewa nini hapo?

Tuanze na hisa. Neno la Kiingereza lililokuwa mbele ya mfasiri lina maana mbili: fungu la mtu katika mtaji wa kampuni, na bidhaa zilizowekwa tayari kwa kuuzwa. Kiswahili hakijazichanganya maana hizi. Hisa kwetu ni sehemu ya mtu katika kitu cha shirika. Wanachama wa vyama vya ushirika walinunua hisa miaka mingi kabla ya Soko la Hisa la Dar es Salaam kuanza biashara mwaka 1998, na soko hilo lilipoanza, jina lake halikuhitaji ufafanuzi. Kwa hiyo mwenye duka mwenye wabia, akiletewa ujumbe usiku kwamba hisa zake ni za chini, ana haki ya kumpigia simu wakili badala ya mwuza sabuni. Na hiyo "hisa ya chini" ni ipi? Kiswahili kikisema kitu cha chini, aghalabu kinataja mahali kilipo au daraja lake, si uchache wake. Sabuni ya chini ni ile iliyopangwa kwenye rafu ya chini, au ile isiyo bora.

Kizingiti nacho ni kipande cha mbao katika fremu ya mlango, na kwa sitiari iliyozoeleka sana ni kikwazo. Husemwa kwamba urasimu ni kizingiti cha maendeleo. Basi kizingiti cha hisa kitakuwa kitu kinachozuia hisa zisipatikane, na hayo siyo yaliyokusudiwa. Hapana haja ya kwenda mbali kutafuta badala yake. Kila mtumishi anajua kima cha chini cha mshahara, yaani kiasi ambacho haifai kwenda chini yake. Kwa mfano huo napendekeza "kima cha kuagizia", maana istilahi hiyo inataja pia kazi ya idadi yenyewe: ikifikiwa, mtu huagiza.

Penye shida ya kweli ni katika jina la ujumbe. Mfasiri ametumia tahadhari katika sura ya kwanza, onyo katika sura ya tatu, na upungufu katika jedwali la mwisho, kana kwamba maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. La hasha. Tahadhari ni hali ya kujihadhari. Ni jambo analolifanya yule aliyeambiwa. Onyo hutolewa kwa mtu aliyekosa au anayekaribia kukosa, na katika utumishi wa umma onyo ni hatua ya nidhamu ambayo huingizwa katika jalada la mtu. Ama upungufu, hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wetu walio maofisini wasimame kidogo. Katika lugha ya ukaguzi wa hesabu, upungufu ni tofauti baina ya kile kilichoandikwa katika leja na kile kilichoonekana bohari ilipohesabiwa. Mtunza bohari aliyekutwa na upungufu hutakiwa kujieleza, na akishindwa anaweza kulipishwa au kushtakiwa.

Sasa tuchukue kwamba programu hiyo imewekwa katika bohari ya idara au ya chama cha ushirika, jambo ambalo si la ajabu, kwani kanuni zinazoendesha duka la mtandaoni hazitofautiani sana na zinazoendesha bohari ya serikali. Sabuni imetolewa kwa hati halali, kila katoni ina saini, na leja inalingana na rafu. Imebaki kidogo tu, kama inavyotazamiwa bidhaa inapotumika. Kompyuta inapeleka ujumbe wenye maneno "Onyo: upungufu katika kituo chako", na nakala yake inamfikia mkuu wa idara. Mtu huyu hakuiba wala hakuzembea, lakini amekwisha kutajwa kwa maneno mawili ambayo ofisini humaanisha wizi au uzembe. Na hata kama mkuu wake ni mwelewa, mtunza bohari atajifunza kuuogopa ujumbe huo. Njia rahisi ya kuuepuka ni kushusha kima hadi ujumbe usije tena, na bidhaa zitakwisha pasipo mtu kujulishwa. Tafsiri mbaya hapa haileti kicheko tu. Inaharibu chombo chenyewe.

Kwa sababu hiyo napendekeza "arifa ya kupungua". Arifa ni habari inayopelekwa kwa mtu ili aijue, bila lawama ndani yake. Na kitenzi-jina kupungua hutaja mwendo wa kitu kinachoendelea kutumika, ilhali upungufu hutaja pengo lililokwisha kuonekana. Tofauti hii ya umbo ni ndogo, lakini Kiswahili kinayo, na mfasiri aliyekuwa na haraka aliipita. Uhaba tuubakize kwa bidhaa zinapokuwa chache katika soko zima, kama wale waliopanga foleni katika miaka ya mwanzo ya 1980 wanavyolikumbuka neno hilo; na ukosefu kwa pale ambapo hazipo kabisa.

Tuje katika suala la bohari nyingi. Mwongozo unasema "maeneo mengi". Eneo lina upana na mipaka: eneo la Ziwa, eneo la viwanda. Kinachozungumzwa hapa ni nukta ambapo bidhaa huwekwa na kuhesabiwa, iwe duka, ghala au chumba cha nyuma cha kinyozi. Tawi nalo halifai, kwa kuwa tawi lina wafanyakazi na mara nyingi hesabu zake, na si kila bohari ni tawi. Kituo kinatosha: tunacho kituo cha afya na kituo cha polisi, na hakuna anayehoji ukubwa wake.

Kosa kubwa zaidi la sura hii ni neno jumla. Mfasiri anamshauri mwenye duka aweke "kizingiti cha jumla". Mfanyabiashara wa Kiswahili akisikia jumla husikia kwanza kinyume cha rejareja, na atadhani kizingiti hiki ni cha wateja wanaonunua kwa katoni. Lakini hata akielewa kwamba ni hesabu ya vituo vyote pamoja, bado hajaelezwa hatari yake. Tuchukue mfano wa duka lenye kituo Dar es Salaam na kingine Mwanza. Dar es Salaam huuza katoni 10 za sabuni kwa siku na hupata mzigo mpya baada ya siku 1. Mwanza huuza katoni 4 kwa siku, lakini mzigo husafiri zaidi ya kilomita 1,000 na, pamoja na kungoja lori lijae, huchukua siku 5. Kila kituo kinaweka akiba ya katoni 8. Kima cha kuagizia hupatikana kwa kuzidisha mauzo ya siku kwa siku za kungoja, kisha kuongeza akiba. Dar es Salaam kitakuwa 18, na Mwanza 28. Kituo kinachouza kidogo ndicho chenye kima kikubwa, na msomaji hawezi kulijua hilo kama tafsiri haikumweleza kwamba kila kituo kina kima chake.

Vima hivyo viwili vikijumlishwa ni 46. Siku moja Dar es Salaam zipo katoni 45 na Mwanza zipo 6. Pamoja ni 51, kwa hiyo kompyuta inayotazama hesabu ya pamoja inanyamaza. Mwanza itaishiwa baada ya siku moja na nusu, na mzigo utafika siku ya tano.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ina zana ya kuyaeleza haya, wala mfasiri hakuitumia. Yeye ameandika "zinazopatikana" kila mahali. Sisi tunazo zilizopo, zilizoko na zilizomo. Zilizopo ni zile za hapa kituoni, mbele ya macho ya mwenye kuhesabu. Zilizoko ni za kituo kingine. Zilizomo ni zile zilizo ndani ya lori au kontena, bado ziko njiani. Nakiri kwamba wasemaji wengi siku hizi hawazitenganishi -po na -ko kwa uangalifu, na singependa hukumu ya mahakama itegemee silabi moja. Lakini katika safu tatu za jedwali, zenye vichwa vyake na maelezo mafupi, zitasaidia kuliko neno moja lililorudiwa mara tatu. Kwa zile ambazo mteja amekwisha kuzilipia lakini hazijatoka rafuni, "zilizoahidiwa" inatosha. Hizi zitolewe katika zilizopo kabla ya kulinganisha na kima.

"Akiba ya usalama" napendekeza iitwe akiba tu. Neno hili tayari lina maana ya kitu kilichowekwa kando kwa ajili ya siku mbaya, na kuliongezea usalama kunalipeleka polisi. Waliosema akiba haiozi hawakuwa watunza dawa. Katika bohari ya dawa akiba huoza kwa tarehe, na mwongozo ungefanya vema kulitaja hilo.

Limebaki neno la bidhaa zenyewe. Kwa nyaraka rasmi napendelea "bidhaa zilizopo". Lakini Kariakoo watu husema mzigo: mzigo umeisha, mzigo mpya umeingia. Ni neno fupi, linaingia katika kitufe cha simu, na kila mtu analielewa. Wenzangu wawili katika kitengo wanalipinga kwa hoja kwamba mzigo ni kitu kinachobebwa, na kwamba pia ni taabu anayotwishwa mtu. Hoja yao ya pili hainishawishi, muktadha huamua. Ya kwanza ina uzito, kwa sababu katika makala haya yenyewe nimeandika mzigo kwa maana ya bidhaa zilizo njiani, na duka lenye vituo vingi linahitaji kutofautisha bidhaa zilizo njiani na zilizo rafuni. Wafasiri wanaofanya kazi na wafanyabiashara wa Mwanza, Arusha na Mbeya wanaombwa watuandikie namna neno hilo linavyotumika huko, na hasa kama huendelea kuitwa mzigo baada ya kufunguliwa na kupangwa.