Karani Mbele ya Mfalme: Lugha ya Lumumba toka Posta hadi Serikali

Imekuwa desturi ya wahakiki wengi kumgawa Patrice Lumumba mafungu mawili: karani mtiifu wa posta ya Stanleyville (Kisangani ya leo), na msemaji mkali wa tarehe 30 Juni 1960. Kwa mgawanyo huo, kitabu chake *Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé?*, kilichochapishwa mwaka 1961 baada ya kuuawa kwake, husomwa kama unyonge ulioachwa nyuma. Katika makala haya tunadai kwamba ushahidi wa lugha hauuungi mkono mgawanyo huo.

Lumumba alisomea kazi ya posta Léopoldville, akatumikia Stanleyville hadi alipokamatwa mwaka 1956 kwa kosa la fedha za ofisi. Katika miaka hiyo aliongoza pia vyama vya watumishi Waafrika. Kitabu chenyewe ni cha mwaka ule wa kukamatwa, nacho kina sura ya faili la ofisini: jambo hutajwa, hasara yake huonyeshwa, dawa hupendekezwa, kisha shukrani kwa wakubwa. Wapo wanaozitetea shukrani hizo kuwa ni ujanja wa mtu aliyekabiliwa na jela. Utetezi huo hautoshi. Mwandishi anawasemea waliosoma. Mwanakijiji wa Maniema au Sankuru anapita humo kama mtu wa kuongozwa, hana kauli yake. Hapo ndipo penye udhaifu wa kitabu, kuliko katika sifa anazompa Mbelgiji.

Sasa tuitazame hotuba. Wengi huikumbuka kwa moto wake, lakini mpangilio wake ni orodha: mishahara isiyotosha chakula, mavazi wala nyumba, matusi na mapigo, ardhi iliyotwaliwa kwa jina la sheria, sheria moja kwa mweupe na nyingine kwa mweusi, safari ya melini chini ya miguu ya wenye vyumba vya fahari. Karani ndiye anayezoea kuhesabu hivyo. Kilichobadilika ni anayeandikiwa. Kitabu kinawaomba watawala wa Kibelgiji; hotuba inaanza kwa kuwaita Wakongo, wanaume kwa wanawake, ingawa Mfalme Baudouin amekaa palepale. Ombi likigeuzwa anwani huwa shtaka.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ofisi huzaa mtindo mmoja. Joseph Kasavubu, aliyehutubia kabla yake siku ileile, naye alikuwa karani katika idara ya fedha, na maneno yake yalibaki katika adabu ya sherehe.

Kwa sisi wa taaluma ya Kiswahili, sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya viwakilishi. Lumumba anakumbusha kwamba mweusi aliitwa *tu*, si kwa urafiki, bali kwa kuwa *vous* ya heshima iliwekewa weupe peke yao. Mfasiri afanyeje? Katika Kiswahili sanifu, «wewe» hakishushi mtu, na «ninyi» huhesabu watu tu. Mfasiri akiandika «wewe», lawama inapotea kabisa, na msomaji wa Dar es Salaam atauliza kosa liko wapi. Akiweka maelezo marefu, anaua pigo la sentensi. Kiswahili cha kwetu mashariki ya Kongo kina njia ambayo wenye sarufi hawajaithamini vya kutosha: wengi wetu humsemesha mzee kwa wingi, hata akiwa peke yake. Huku Tunda, msikilizaji ataielewa sentensi ile bila tanbihi, kwa kuwa anajua uchungu wa mtu mzima kusemeshwa kama mtoto.

Tungependekeza basi wingi huo wa heshima uingie katika tafsiri ya hotuba hii, hata kama msanifishaji atakunja uso. Aliyetumwa kwa umoja mbele ya dirisha la posta hakuhitaji kamusi kujua alichonyimwa.