Ukumbi wa Mashairi Magazetini na Adabu ya Kukosoana

Watu wawili wasiopata kuonana, mmoja akikaa Tanga na mwingine Ujiji, huweza kubishana kwa miezi mingi juu ya neno moja, kila mmoja akimwita mwenzake ndugu, na hata mwisho wasijuane sura. Jambo hili limekuwa la kawaida katika kurasa za mashairi za magazeti yetu tangu zamani, lakini wengi wa wahakiki wetu hawajalitazama kwa makini. Wamehakiki diwani, malumbano yenyewe wameyaacha yaoze pamoja na magazeti.

Asili ya malumbano ni ya kale kuliko gazeti lo lote. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, wakati miji hiyo miwili ilipokuwa na uhasama. Hao lakini walijuana, japo kwa sifa, na nyuma ya maneno yao palikuwa na silaha. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilileta jambo jipya: karani wa Dodoma au mwalimu wa Songea aliweza kukosolewa na mtu asiyemjua kabisa, ambaye hakuwa mkubwa wake wa kazi wala mzee wa ukoo wake. Sisi tuliozoea majalada ya ofisini, ambamo dokezo hupanda ngazi na masahihisho hushuka, hatulioni hilo kuwa dogo.

Utaratibu wa ukumbi huo unajulikana. Mshairi huanza kwa kumwomba mhariri nafasi, kana kwamba anabisha hodi. Hueleza swali lake, na katika ubeti wa mwisho hutaja jina au lakabu yake na mji anakokaa. Anayejibu kwa ufundi hufuata vina vile vile, na mara nyingi hukigeuza kibwagizo cha mwenzake. Tuchukue mfano mfupi tulioutunga wenyewe kwa ajili ya wanafunzi. Muulizaji asema:

Nauliza watambuzi, nijibiwe kwa hakika,
Mti hauna mizizi, vipi matawi waweka?

Naye mjibuji:

Najibu bila ajizi, fumbo lako lafumbuka,
Ni moshi uso mizizi, angani watawanyika.

Kila kipande kina mizani 8, na vina ni -zi na -ka. Msomaji aone kwamba mjibuji hakuweza kuandika lililomjia kwanza. Hasira yake, kama alikuwa nayo, ilibidi ikae chini itafute neno lenye kina cha -zi. Kisha shairi likatiwa bahasha, likasafiri kwa posta, likangoja zamu mezani kwa mhariri. Tunaamini kwamba kazi hii ya kutafuta neno ilizuia matusi mengi kuliko kalamu ya mhariri. Na tena, kuazima vina vya mtu ni kukiri kwamba umemsoma.

Hata hivyo ukumbi huu una aibu zake. Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, aliwapa watunzi chombo kizuri cha kujisahihisha. Wako waliokifanya fimbo. Mtu akileta shairi la kuuliza afanyeje na mahari iliyomshinda, hujibiwa kwamba mstari wake wa pili umepungua mizani moja. Shida yake haikuguswa. Wengine hucheka lafudhi: mtunzi wa bara akichanganya r na l hupachikwa jina la mgeni wa lugha, na baada ya hapo huenda asionekane tena ukurasani. Sahihisho la namna hiyo laweza kuwa la kweli neno kwa neno, nasi twalihesabu kuwa uhakiki mbovu, kwani linamkosoa mtu kwa kuzaliwa kwake. Mwalimu wa kidato cha pili anayerudisha daftari limejaa wino mwekundu anaijua hatari yake.

Majibu bora tuliyopata kuyasoma hufanya kazi mbili. Huijibu shida katika beti za mwanzo, na kosa la mizani hulirekebisha kimya kimya, kwa kuutunga mstari ule ule sawasawa badala ya kuutaja.

Ubishi mkali zaidi ulizuka miaka ya 1970, baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi (1974), diwani isiyofuata vina wala mizani. Wapinzani waliyaita mashairi hayo guni. Mwaka 1979 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakitetea kwamba roho ya ushairi haimo katika vina na mizani. Kwa hoja, twawaunga mkono. Lakini kuna hasara ambayo haikusemwa sana. Shairi lisilo na vina halina cha kuazimwa. Anayetaka kulijibu huandika makala, na makala hayo yalihamia vitabuni na vyuoni. Kijana wa sekondari mwenye swali lake la mistari minne hakuwa na kiti huko.