Nusu kilo ya ngano kwenye joto la Dar

Maelekezo mengi ya kupika mkate yanayozunguka huku kwetu yalizaliwa kwenye nchi za baridi. Changanya, kanda, funika, subiri saa moja na nusu mpaka kinyunya kiumuke mara mbili. Saa moja na nusu hiyo ni ya jiko lenye nyuzi joto 21 au 22. Jiko la shemeji yangu Mbagala, mchana wa Februari, lilikuwa na nyuzi 31 kabla hata mkaa haujawashwa. Mkate aliopika kwa kuifuata karatasi ya maelekezo hayo neno kwa neno ulinuka pombe, ukabonyea katikati na kuacha pango chini ya ganda. Uliofuata ulisimama vizuri, na huo ndio ninaouchambua hapa. Unga ulikuwa uleule na hamira ileile. Alichobadili ni joto la maji, kipimo cha hamira, na namna ya kujua kwamba wakati umefika.

Vipimo vyenyewe: unga wa ngano gramu 500, maji mililita 310, chumvi gramu 9, sukari na mafuta kijiko kimoja cha chakula kila kimoja, na hamira ya unga laini gramu 3, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa. Ile karatasi ilitaka gramu 7. Shemeji alipima kwa mizani ndogo ya jikoni. Kama huna, tafuta ya kuazima, maana kikombe cha unga uliochekechwa na kikombe cha unga ulioshindiliwa vinaweza kupishana sana, na anayeanza hawezi kujua alikosea wapi.

Sasa maji. Hamira ni kuvu hai, na tangu Louis Pasteur aandike kuhusu uchachukaji mwaka 1857 hoja hiyo haijawahi kurudi nyuma. Inakula sukari, inatoa gesi na kileo. Ukiipa joto inakula haraka. Ukiizidishia joto, gesi inajaa kabla kinyunya hakijapata nguvu ya kuishika na ladha inabaki ile ya hamira tupu. Kinyunya cha mkate wa kawaida hupenda kuanza safari kikiwa na nyuzi 26 hivi. Waokaji wana hesabu nyepesi ya kufika hapo: zidisha joto unalolitaka mara tatu, toa joto la chumba, toa joto la unga, kinachobaki ni joto la maji. Mara tatu ya 26 ni 78. Chumba kilikuwa na 31, unga kabatini 30. Yakabaki maji ya nyuzi 17. Kwenye viwanda vya mikate huondolewa pia joto linaloletwa na mashine ya kukandia, lakini mikono miwili haileti joto la kuhesabika.

Nyuzi 17 Dar es Salaam hazitoki bombani. Maji ya tangi la juani yalikuwa na nyuzi 32, ya friji 7. Mafungu matatu ya friji kwa mafungu mawili ya tangi yanatoa 17 kamili. Asiye na friji atumie maji ya mtungi, akijua kwamba mtungi hupoza kwa maji kukauka kwenye kuta zake, na hewa ya Pwani imeshajaa unyevu; mtungi wa Dodoma utampa maji baridi zaidi kuliko wa Mbagala. Kwa aliye Njombe, asubuhi ya Julai, chumba na unga vyote vikiwa na nyuzi 17, hesabu hiyohiyo itamwambia maji ya 44. Huyo ndiye anayehitaji yale "maji ya uvuguvugu" yanayosemwa kila mahali. Ila aichanganye hamira kwenye unga kwanza, maana haipendi kumwagiwa moto kichwani, na ikifika nyuzi 55 hadi 60 inakufa.

Shemeji alichanganya unga, maji na hamira mpaka hakukubaki unga mkavu, akaanza kukanda. Mkono wake ni wa chapati, na mkono wa chapati una tabia yake: kinyunya kikinata tu, unarukia bakuli la unga.

"Shemeji, kinaning'ang'ania."

"Kiache dakika ishirini, usikiguse."

Aliponawa mikono na kurudi, kilekile kilichokuwa uji mzito kilikuwa kinavutika. Hakuna muujiza. Ngano ina protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo zikilowa hushikana na kufanya gluteni, na kushikana huko kunaanza hata kama hakuna anayekanda. Mwokaji Mfaransa Raymond Calvel aliueleza mtindo huu wa kuulaza unga na maji mwaka 1974, kwa mikate ya kwao, na yeye aliiacha chumvi hadi baadaye kwa sababu chumvi inaibana gluteni mapema. Shemeji naye aliitia chumvi baada ya mapumziko, pamoja na mafuta na sukari.

Hesabu ya ule mkono unaorukia unga ni hii. Maji 310 kwa unga 500 ni asilimia 62. Ongeza gramu 50 tu, ambazo kwa mkono ni kama konzi moja na kidogo, na umeshuka hadi asilimia 56. Kinyunya kitatulia mezani na kukufurahisha, lakini mkate utakuwa mzito na kesho yake utakuwa mkavu. Mwenye kunatwa apake mafuta viganjani, au alowanishe vidole.

Kukanda kwenyewe kulichukua dakika kumi. Sukuma kwa kiganja, kunja, geuza robo, sukuma. Nguvu haihitajiki kama watu wanavyodhani. Kinachohitajika ni kuvuta na kukunja bila kukichana. Kilipokuwa laini kama ncha ya sikio, alikata kipande cha ukubwa wa ndimu akakitanua kwa vidole taratibu kuelekea dirishani. Kikafanya utando, mwanga ukapita, na vidole vikaonekana upande wa pili kabla hakijapasuka. Kipande kikipasuka mapema kwa kingo za meno meno, rudi kukanda.

Akakifunika kwa kitambaa kibichi na kawa juu, mahali penye kivuli. Ndani ya saa moja na robo kilikuwa kimeumuka mara mbili, lakini hakuangalia saa. Alichovya kidole kwenye unga na kukitumbukiza. Shimo likirudi mara moja, bado. Likirudi polepole na kuacha alama, tayari. Lisiporudi kabisa, umechelewa. Kikande upya kidogo, ukiumbe, na safari ya pili usikiache kwa muda mrefu hivyo. Akatoa gesi kwa kukibonyeza, akakiviringisha kwa kukaza ngozi ya juu, akakitia kwenye kopo la bati lililopakwa mafuta. Safari ya pili ilikuwa fupi, kama dakika arobaini.

Kuoka kulifanyika uani. Jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeshaua watu. Sufuria nene ilitandikwa mchanga mkavu chini, ikapashwa robo saa, kopo likaingia, ikafunikwa kwa mfuniko bapa, makaa yakapangwa juu. Wanaopika mkate wa kumimina wanaufahamu moto huu wa juu na chini. Siri ni kwamba makaa mengi yanakaa juu. Chini joto linapanda kupitia mchanga hadi kwenye bati. Juu kuna hewa tupu, na ganda linapata rangi kwa joto linalotoka kwenye mfuniko peke yake. Ukigawa nusu kwa nusu, kitako kitaungua juu kukiwa bado kweupe.

Mfuniko una kazi nyingine. Mvuke wa kinyunya unabaki humo, ngozi inakaa laini, mkate unapata nafasi ya kupanda katika dakika za mwanzo kabla hamira haijafa. Tarehe 8 Novemba 2006 gazeti la New York Times lilichapisha makala ya Mark Bittman kuhusu mkate usiokandwa wa Jim Lahey, mwokaji wa Manhattan, na msingi wa oveni yake ulikuwa huohuo: sufuria nzito ya moto yenye mfuniko. Hamira yake ilikuwa robo ya kijiko cha chai na kinyunya kililala saa 12 hadi 18, bila kukandwa, muda ukifanya kazi ya mikono. Anayetaka kuujaribu Pwani akumbuke kwamba saa hizo zilipangwa kwa chumba cha nyuzi 21. Kwa nyuzi 30, mkate huo utakuwa umechacha alfajiri.

Baada ya dakika arobaini mkate ulitolewa na kugongwa kitako kwa kidole, ukatoa mlio wa tupu. Kipimajoto kilisoma 95 katikati, na mkate wa namna hii huiva kati ya 93 na 96. Upande mmoja ulikuwa umeiva rangi ya kahawa nzito kuliko mwingine, kwa sababu upepo wa uani ulipuliza makaa ya upande huo. Ubao wa kukingia, au kuzungusha mfuniko mara moja katikati, kungetosha.

Watoto walitaka kuukata hapohapo. Ndani ya mkate wa moto wanga bado haujashikamana, na kisu kinauburuza ukawa ubwabwa. Shemeji akauinua juu ya chekeche, wakangoja upoe. Uliobaki aliufunga kitambaani, hakuutia kwenye friji, kwani baridi ya friji inaufanya wanga ujipange upya na mkate unakakamaa upesi kuliko mezani. Kwa unyevu wa Dar meza inakupa siku mbili kabla ya ukungu. Baada ya hapo, vipande viingie kwenye friza, au vibanikwe: kuanzia nyuzi 60 hivi wanga unalegea tena na kipande cha jana kinarudi laini ndani, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha kinakuwa kigumu kuliko mwanzo.