Chupa Nne za Robbie

Ken Loach alipotoa The Angels' Share mwaka 2012, wengi waliipokea kama komedi ya wizi. Kwangu ni filamu kuhusu bei. Robbie, kijana wa Glasgow anayetumikia kifungo cha nje, anagundua ana pua: akinusa wiski, anaijua. Lakini pua haina cheti, na kazi hapati. (Sisi tulioacha chuo tunamwelewa haraka.)

Kisha linapatikana pipa la Malt Mill, kiwanda cha kisiwa cha Islay kilichofungwa 1962. Wiski ikilala pipani, kama asilimia 2 hupotelea hewani kila mwaka. Hilo ndilo fungu la malaika. Inayobaki ni kidogo, na ya Malt Mill haitengenezwi tena. Mnadani bei inapita pauni milioni 1. Ila usiku uliotangulia Robbie ameshafyonza chupa nne na kujazia wiski nyingine. Tajiri aliyenunua anaonja, anasifu. Kumbe!

Nilicheka sana, halafu nikajiuliza: kama mnunuzi hatofautishi, pua ya Robbie ina thamani gani, na kwa nani? Loach analikwepa swali hilo. Anamkwepa pia kijana ambaye Robbie alimjeruhi vibaya kabla ya haya yote. Tunamwona akiwa na familia yake, wakimweleza Robbie uso kwa uso alichowafanyia. Hakuna onyesho zito kuliko hilo. Baadaye ni mzaha na sketi za Kiskoti, naye harudi. Chupa mbili zinavunjika, moja inauzwa, moja anaachiwa msimamizi Harry. Yule kijana hata tone hapati.