Vichwa Vimeondoka na Fomu

Ukifungua picha za Gulu Real Art Studio kwenye simu, kwa sekunde moja utadhani bando limekatika picha ikiwa haijamaliza kufunguka. Mtu amekaa kwenye kiti, nyuma yake pazia la rangi moja, mikono ameilaza juu ya mapaja kama alivyoelekezwa. Macho yako yanakimbilia usoni kwa mazoea, na pale usoni hapana kitu. Kuna dirisha la mstatili, jeupe, lililokatwa kwa unadhifu. Unasogeza ya pili, hivyo hivyo. Inayofuata ni ya mama aliyepakata mtoto, na dirisha ni lile lile.

Habari yenyewe ni fupi. Mwaka 2011 Martina Bacigalupo, mpiga picha wa Kiitaliano aliyekuwa akiishi Bujumbura, alikuwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, akakutana na picha moja ya namna hii. Akaulizia mpaka akafika kwenye studio ya Obal Denis, na huko akakuta nyingine nyingi. Maelezo ya Obal yalikuwa ya kibiashara tu. Mashine iliyokuwapo ya picha za pasipoti ilitoa nne kwa mpigo, na mteja wake mara nyingi alihitaji moja. Alipe nne za nini? Basi Obal anampiga picha ya kawaida, anaisafisha, anakata kichwa kwa kipimo kinachotakiwa, mteja anaondoka na kichwa chake. Kiwiliwili kinabaki studio, takataka. Bacigalupo aliziomba zile takataka, akazikusanya, na mwaka 2013 zikawa maonyesho New York, kwenye ukumbi wa The Walther Collection, na kitabu kilichochapwa na Steidl wa Ujerumani.

Hapa kwetu Lagangabilili sihitaji kumweleza mtu kwa nini mteja hataki picha nne. Tangu Itilima imegwe kutoka Bariadi mwaka 2012 na sisi kuwa makao makuu ya wilaya, ofisi zimeongezeka na fomu zimeongezeka nazo. Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu unataka karatasi na sura. Benki inataka sura, shule inataka sura. Ukipita kwenye stesheneri siku ya mnada unawakuta kina mama wa vijijini wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu, kanga zimefungwa vizuri, mmoja anamfuta mwenzake vumbi la pikipiki shavuni. Na nyuma ya mlango, kwenye msumari, koti.

Hilo koti naomba tukae nalo kidogo, maana ndilo lililonifanya niziangalie upya picha za Gulu. Ukizipitia kwa utulivu unaanza kulitambua: koti lile lile linarudi kwa watu tofauti. Huyu limempwaya mpaka mikono imefunikwa hadi kwenye vidole. Mwingine amelivaa juu ya nguo ambayo haikushonwa kukaa pamoja na koti, na hakujali, kwa sababu alijua kipimo cha pasipoti kinaishia mabegani. Koti lilivaliwa kwa ajili ya ile sehemu itakayokatwa. Wangelibandua jicho lako kwa uso, usingeliona. Uso una tabia ya kunyamazisha kila kitu kingine kwenye picha. Ukiuondoa, kitambaa kinaanza kusema, na vidole vinasema kuliko hata kitambaa.

Wahakiki wengi wa nje walipoziona picha hizi walikimbilia vita. Inaeleweka. Gulu ni nchi ya Waacholi, ndiyo iliyobeba vita ya Joseph Kony na jeshi lake la LRA kwa karibu miaka 20, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi makubaliano ya kusitisha mapigano ya mwaka 2006. Zaidi ya watu milioni moja waliishi kwenye kambi. Watoto wa vijijini walikuwa wakitembea kila jioni kwenda kulala mjini wasije wakatekwa usiku. Kwa hiyo mtu akiona miili isiyo na vichwa kutoka Gulu, anasema: hii ni vita, hawa ni waliofutwa.

Mimi usomaji huo unanikera. Si kwamba vita haimo. Imo, tena sana. Bacigalupo aliwahoji wateja wakaeleza kwa nini wamekuja kupigwa picha, na humo ndimo ilimo: mtu anatafuta kazi kwenye shirika, mtu anaomba mkopo aanze upya baada ya kambi. Lakini kusema kichwa kilichokatwa kinamaanisha kifo ni kuwafanya watu hawa waathirika mara nyingine, na safari hii kwa sababu ya mkasi na bei ya picha. Yule aliyekaa kwenye kile kiti hakuwa anakufa. Alikuwa anaomba mkopo! Kichwa hakikufutwa, kilikwenda ofisini kufanya kazi. Ukimsoma kama maiti unakosa jambo lenyewe, ambalo kwangu ni zito zaidi: kuna mfumo mzima wa mabenki, mashirika na serikali ambao katika mtu unahitaji sentimita chache tu za juu, na gharama ya kuzipata ameachiwa yeye.

Mwaka uliofuata baada ya Bacigalupo kuikuta ile picha ya kwanza, yaani Machi 2012, dunia ilipewa Gulu ya namna nyingine. Shirika la Kimarekani la Invisible Children lilitoa filamu ya dakika 30 kuhusu Kony, ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100 katika siku chache. Ile ilijaa nyuso. Uso wa mtoto wa mtengenezaji, uso wa kijana wa Kiacholi akilia, uso wa Kony kwenye mabango. Ilipoonyeshwa hadharani Lira, kaskazini kule kule Uganda, watu walikasirika, mawe yakarushwa, onyesho likavunjika. Hawakuona maisha yao mle. Waliona sura ya mtu aliyewaua imegeuzwa tangazo. Nikiziweka kazi hizi mbili pamoja, nauamini zaidi ule mzigo wa vipande vya Obal. Vipande havikupigwa ili kumwonea mtu huruma. Wakati Obal anabonyeza kamera hakukuwa na mtazamaji wa New York kichwani mwake; alikuwapo mteja, na karani atakayekagua kama masikio yote mawili yanaonekana.

Ndiyo maana kazi hii huwezi kuifananisha na ya wapiga picha wetu waliokata kwa makusudi. Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa akikata na kuunganisha picha kwenye studio yake, akiwaweka wateja mahali ambapo hawajawahi kukaa, na alijua anachocheza nacho. Ile ni sanaa tangu mkasi unapoinuliwa. Ya Obal ilikuwa bado haijapewa jina hilo mpaka mtu mwingine alipoinama na kuokota. Na hapo ndipo panapowasha.

Jina la kitabu ni la studio. Jina la mwandishi ni la Bacigalupo. Aliyechagua pazia, aliyemwambia mteja anyooshe mgongo, aliyebonyeza, aliyekata, ni Obal. Aliyeona kwamba kilichobaki kinatazamika ni Bacigalupo. Nani ni msanii? Kuna jibu jepesi linalopendwa mitandaoni, kwamba mzungu kaja kaokota mali ya Mwafrika akaiuza. Silikubali lote. Bila yeye zile karatasi zingechomwa pamoja na taka nyingine, na mimi leo nisingekuwa na cha kuandika. Tena siyo mtalii wa siku mbili: kabla ya hapo alishapiga kazi ndefu kuhusu mwanamke mmoja wa kaskazini mwa Uganda aliyepoteza mguu, kazi ambayo mwanamke huyo anajieleza mwenyewe. Ninachokiona ni mpiga picha mzoefu aliyekuwa na ujasiri wa kukubali kwamba picha bora za mji ule si zake. Wapiga picha wangapi wa habari wanaweza hilo? Wengi wetu tukiitwa kwenye tukio tunarudi na picha yenye maelezo ya “mkazi wa kijiji akiteka maji”, hana jina, hana shida aliyoisema, ana ndoo tu. Yule ana uso, na bado hayupo.

Lakini nusu ya lawama ile naibakiza mezani. Kuokota ni tendo la kisanaa, sawa. Hata hivyo linapofika kwenye jalada, kuokota limewekwa juu ya kupiga. Kama ningekuwa mhariri wa kitabu kile, majina mawili yangekaa jaladani kwa herufi za ukubwa mmoja. Halafu kuna wateja. Walilipia kichwa, wakaondoka wakijua biashara imekwisha. Hakuna aliyewaambia kwamba kiwiliwili kitasafiri. Utetezi ninaousikia ni kwamba hawatambuliki, uso haupo. Jamani! Mtu aliyekulia mji mdogo anajua huu ni utetezi wa mtu wa mji mkubwa. Hapa kwetu mama mzazi, jirani, hata mkopeshaji, wanakutambua kwa mikono na kwa gauni la sherehe. Gulu ni mji mkubwa kuliko wetu, lakini sidhani kama ni mkubwa kiasi cha dada wa mtu kushindwa kulijua gauni aliloliazima.

Jambo lingine linalonisumbua ni namna zinavyoonyeshwa. Ukutani zimepangwa safu kwa safu, nyingi kwa pamoja. Nimeona picha za ukumbi wenyewe, na kweli inapendeza: mapazia ya rangi yanageuka kama kitenge, madirisha meupe ndiyo maua yake. Hapo ndipo watu wanapotea. Kwenye simu ilinilazimu kuwapitia mmoja mmoja, kila mmoja akijaza kioo chote, na naamini niliwaona vizuri zaidi ya aliyesimama katikati ya ukumbi. Picha iliyopigwa kwa ajili ya mtu mmoja na karani mmoja haifai kugeuzwa pambo la ukuta. Ukitaka kuonyesha wingi, sema idadi. Ukitaka kuonyesha watu, wape nafasi ya kupumua.

Kwetu mkusanyiko wa namna hii hauwezi kupatikana tena, hata ukimtuma mtu na gunia. Kijana wa stesheneri anapiga kwa kamera au kwa simu, anaingiza kwenye kompyuta, anavuta kile kisanduku kuzunguka kichwa, anabonyeza, na mwili unapotea kabla haujagusa karatasi. Printa inatoa vichwa vitupu, safu mbili, nyuma bluu. Ni nafuu, ni haraka, hakuna kinachobaki sakafuni ila vipande vyembamba vya kingo. Nimewahi kumwuliza mmoja kama huwa anatunza picha nzima. Akacheka: “Nijaze mashine kwa ajili ya magoti ya watu?” Ana haki. Lakini Itilima imebadilika sana tangu 2012, misimu ya pamba imepanda na kushuka, vikundi vimekopa vikalipa na vingine vikavunjika kwa ugomvi, na kumbukumbu ya namna watu walivyovaa siku waliyokwenda kuomba pesa imefutwa kila jioni ili kuacha nafasi. Obal aliishika kwa sababu mashine yake ilikuwa mbovu kwa biashara. Ya kwetu ni nzuri.

Nikiulizwa kama kitabu hiki kinafaa kutafutwa, nasema ndiyo, kitafutwe, na wanaofundisha uandishi wa habari wakiweke mezani. Kisifundishwe kama kitabu cha vita. Wanafunzi wapewe picha moja moja waandike wanachokiona kwenye mikono, basi. Mikono mingine imekunja ngumi. Mingine imeshikana kama ya mtu anayesubiri jina lake liitwe.

Kinachokosekana bado kipo mahali. Viwiliwili vimo kwenye kitabu kilichochapwa Ujerumani. Vichwa vilibaki Gulu, kwenye makabati ya ofisi, ndani ya mafaili ya kamba, vimebandikwa kwa gundi pembeni juu kulia, vingine muhuri umepita nusu ya shavu, na pembeni yake, kwa mkono wa karani, neno moja: amekubaliwa, au hajakubaliwa.