Hesabu ya Tetu kwa Mgombea wa Mara

Mwaka 1997 mwanamazingira Wangari Maathai aligombea urais wa Kenya na ubunge wa jimbo la Tetu, Nyeri, kwa mpigo, akashindwa kotekote. Desemba 2002 Tetu hiyohiyo ikampa asilimia 98 ya kura. Diwani wa Musoma, Bunda au Butiama, mkoani Mara, anayetaka kupanda hadi ubunge kwa jina la mazingira, na achambue tofauti hiyo kabla ya kuchapisha bango hata moja.

Tuanze na mtaji wake. Green Belt Movement, aliyoiasisi mwaka 1977 ndani ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, iliwalipa akina mama senti chache kwa kila mche, lakini si siku ya kuupanda. Walilipwa mche ukishashika. Kwa hiyo ilibidi mtu afike shambani ahesabu, aandike kikundi kipi kimepanda mingapi, mingapi imekufa, mingapi imesimama. Hapo ndipo ninapoiona kazi yenyewe ya siasa, ingawa haikuitwa siasa: kila eneo likapata mama anayeweka kumbukumbu na kuaminiwa na jirani zake. Vyama hutumia fedha nyingi kutafuta watu wa namna hiyo katika kila kata, na mara nyingi hawawapati.

Basi mbona 1997 alianguka? Aliingia ulingoni kwa kuchelewa, kwa tiketi ya Liberal Party, chama kidogo kisicho na mizizi, huku Mwai Kibaki, mtu wa Nyeri kama yeye, akiwania urais uleule. Zikiwa zimebaki siku chache, zikaenezwa habari za uongo kwamba amejitoa, naye hakuwa na mtandao wa chama wa kuzikanusha kijiji kwa kijiji. Mwaka 2002 alikuwa ndani ya muungano wa NARC, pamoja na Kibaki. Mwaka 2007 alikosa uteuzi wa PNU, muungano wa Kibaki, akasimama kwa chama chake cha Mazingira, akapoteza kiti. Tuzo ya Nobel aliyoipata 2004 haikumwokoa.

Kwetu Tanzania mlango ni mwembamba zaidi, kwa kuwa sheria haimruhusu mgombea binafsi. Asiyepata uteuzi wa chama amekwisha, hata kama kata nzima inapumzika kwenye vivuli vya miti yake.

Lipo gumu jingine ambalo Maathai hakukutana nalo kwa sura hii. Alipotetea msitu wa Karura mwaka 1998 na 1999, aliwakabili wakubwa waliogawiwa ardhi ya umma, na mwananchi wa kawaida alikuwa upande wake. Nenda Bunda useme neno hifadhi. Wa vijiji vinavyopakana na Serengeti atakumbuka tembo waliomaliza mtama wake. Wa kata ya Nyatwali atakumbuka uamuzi wa Serikali kwamba wahame, ili wanyama wa Serengeti wafike Ghuba ya Speke bila kizuizi. Mwanamazingira anayepanda jukwaa la Bunda bila jibu la fidia na la tembo hastahili kura, nami nalisema hili nikiwa naipenda Serengeti.

Musoma na Butiama zina suala linalounganisha watu zaidi, nalo ni maji. Mto Mara hutoka msitu wa Mau nchini Kenya, hupita daraja la Kirumi na kuingia Ziwa Victoria. Machi 2022 maji yake yaligeuka meusi, samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na Selemani Jafo, waziri wa mazingira wa wakati huo, ikataja vinyesi na mikojo ya ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, na wengi hawakuamini. Nani alikuwa na kumbukumbu za kuthibitisha au kupinga, za mwezi baada ya mwezi?

Diwani anaweza kuanza kuweka kumbukumbu hizo leo. Anayo Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira ya halmashauri, na zipo BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kwenye mialo, zenye wavuvi wanaoyaona maji kila alfajiri. Daftari moja kwa kila mwalo litatosha: tarehe, rangi ya maji, harufu, samaki waliokufa, aliyeona. Nakala isomwe kwenye mkutano wa kijiji. Na wajumbe wa chama watakaopiga kura za maoni wawe wamelishika daftari hilo mikononi muda mrefu kabla fomu za kugombea hazijaanza kutolewa.