Ramsa ilipomezwa na tanzia: kilichoiponza Gintama

Kila ninapokutana na mashabiki wa anime hapa Eastlands, iwe Buruburu au Umoja, na stori ikafika kwa Gintama, huambiwa jambo lile lile: vumilia vichekesho vya mwanzo, utamu uko mwishoni. Mimi hukataa. Utamu ulikuwa mwanzoni, na huo mwisho unaosifiwa ndio ulioumeza.

Kwa asiyeijua, Gintama ni kazi ya Hideaki Sorachi. Ilianza kama manga katika jarida la Weekly Shonen Jump mnamo Desemba 2003, ikaingia runingani Aprili 2006. Mji wa Edo umetekwa na viumbe kutoka anga za mbali, samurai wamepigwa marufuku kubeba panga, na shujaa wetu Gintoki anatembea na upanga wa mbao akiishi kwa vibarua. Anakaa juu ya baa ya Bi Otose, ambaye ndiye mwenye nyumba, na kodi hailipwi ng'o. Mpangaji wa ploti ya Kayole au Dandora aliyezoea kunyata akipita mlango wa keyateka tarehe tano hahitaji kufafanuliwa hapo.

Wanafasihi huita ramsa utungo wa kuchekesha unaoishia katika heri, na tanzia ule wa huzuni na maangamizi. Zikichanganywa tunapata tanzia-ramsa. Futuhi nayo ni ramsa ya vituko vilivyotiwa chumvi hadi basi, na humo ndimo Gintama ilimozaliwa. Siilaumu kwa kutamani machozi. Ame na Zidi katika tamthilia ya Said Ahmed Mohamed, Amezidi, hutuchekesha katika dhiki yao, na hatuoni ajabu.

Kilichoharibika ni mazungumzo. Wajapani wana sanaa ya jukwaani iitwayo manzai, ya wachekeshaji wawili: boke, anayesema upuuzi, na tsukkomi, anayemdaka papo hapo na kumkosoa kwa ukali. Katika Gintama kazi ya tsukkomi ni ya kijana Shinpachi, yule wa miwani. Kazi hiyo sisi tunaijua kupitia mchongoano. Mmoja anasema, "TV yenu ni ya zamani hadi habari za saa moja zinafika Alhamisi." Mwenzake anamrudishia, "Heri yetu zinafika, yenu bado inatangaza Nyayo." Mchongoano usiojibiwa ni tusi tu. Kicheko hukaa katika ile nafasi ndogo kabla ya jibu, wasee wote wakiwa wamemkazia macho aliyechongolewa.

Sasa tazama misimu ya baadaye. Shinpachi anashika upanga na kunyamaza. Wahusika wanasimama katikati ya moshi wakihutubiana kuhusu nafsi na ahadi za kale, na hakuna hata mmoja wa kumwambia mwenzake, "Acha hizo, bana." Adui mkuu, Utsuro, hafi wala hachekeki. Utani ukichomoza, unachomoza kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kuna kifo kimoja ambacho sikilaumu hata kidogo. Shogun Shigeshige, mtawala wa nchi nzima, kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kudhalilishwa: kila akijitokeza, tulijua ataishia na chupi. Alipouawa nililia, na nililia kwa sababu ya chupi zile. Kicheko kilikuwa kimeweka akiba ya mapenzi, huzuni ikaitumia. Baada ya hapo kazi ikaendelea kutoa bila kuweka. Watayarishaji nao, Oktoba 2017, walirudi nyuma kuokota visa vya kuchekesha walivyokuwa wameviruka wakikimbilia vita. Januari 2018 vita vikaendelea.

Ningeyaacha haya kwa mashabiki wa katuni kama nisingeona ugonjwa huo huo katika video fupi ambazo vijana wetu wa Eastlands wanarekodi kwa simu. Dakika mbili za kwanza ni Sheng tupu, kali, inayojibizana. Kisha mwandishi anakumbuka kwamba anataka kusema jambo zito, labda dawa za kulevya au risasi ya polisi. Ghafla wahusika wanaongea Kiswahili cha insha, sentensi ndefu, muziki wa piano ukilia nyuma, utadhani Sheng haina machozi. Sehemu ya lawama ni yetu tunaofundisha fasihi. Tumezoea kuipa tanzia kiti cha mbele na kuiacha ramsa iwe burudani ya Ijumaa jioni.

Anayeandika kisa cha kijana aliyepigwa risasi amwachie yule beste wake mchekeshaji nafasi ya kusema, hata matangani. Matanga ya mitaa hii nayajua. Watu huchanga pesa, hulia, halafu mtu husimulia kioja alichowahi kufanya marehemu, mwingine akamkatiza kwamba amekisimulia vibaya, na mama mfiwa mwenyewe akacheka akijifuta macho kwa leso.